Picha Inayokwenda Polepole: Watazamaji, Wafu Watembeao na Kiswahili, Kutoka Vugiri Hadi Dzaleka

Utangulizi

Katika malalamiko ya watazamaji wa tamthilia, ni machache yanayosikika mara nyingi kama hili: "Inakwenda polepole mno." Vijana husema inaboa. Makala haya yanakusudia kulichunguza lalamiko hilo kwa jicho la historia, kuanzia katika tamthilia moja ya wafu watembeao hadi katika darasa la Kiswahili.

Mfano wetu ni The Walking Dead, tamthilia ya Marekani iliyoanza kuonyeshwa Oktoba 31, 2010 na kumalizika Novemba 2022, baada ya misimu 11 yenye jumla ya sehemu 177. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu 6 tu, na mambo yalikwenda mbio. Msimu wa pili, ulioonyeshwa kuanzia Oktoba 2011 hadi Machi 2012, ulikuwa na sehemu 13, na sehemu kubwa yake ilipita katika shamba la mzee mmoja aitwaye Hershel. Manusura walifika hapo wakimtafuta mtoto Sophia aliyepotea msituni. Walitafuta, wakangoja. Walihangaika na maji ya kisima, walibishana juu ya nani abaki na nani aondoke, walisali, walinuniana. Watazamaji wengi walinung'unika: wafu wako wapi? Hata hivyo hawakuacha kutazama. Sehemu ya mwisho ya msimu huo ilitazamwa na watu takriban milioni 9 nchini Marekani peke yake, idadi kubwa kuliko ya msimu wa kwanza. Na katika sehemu ya 7, iliyoonyeshwa Novemba 27, 2011, mlango wa ghala ulifunguliwa, wafu wakatoka mmoja mmoja, na wa mwisho wao alikuwa yule mtoto aliyetafutwa kwa wiki zote hizo. Tukio hilo lisingeuma hata kidogo kama watazamaji wasingengojeshwa.

Msomaji anaweza kuuliza: haya yanamhusu nini mwalimu wa Kiswahili? Yanamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, katika Afrika Mashariki na ya Kati swali la mwendo wa picha lina umri wa karibu miaka 100, na kwa muda mrefu lilitumiwa kuipima akili ya Mwafrika. Pili, wapo wasemaji wa Kiswahili ambao lugha hiyo hawaikuti darasani, bali huikuta sokoni, kanisani, katika muziki na mbele ya skrini. Miongoni mwao ni wakazi wa kambi ya Dzaleka nchini Malawi, pamoja na wenzao waliowahi kufanya biashara katika masoko ya Lilongwe, kama lile la Tsoka. Tutafika huko, lakini tuanze na majina.

Wafu watembeao na majina yao

Neno "zombi" liliingia katika Kiingereza kutoka Haiti, na wataalamu wengi hulihusisha na lugha za Kongo na Angola, walikotoka watumwa wengi waliopelekwa kisiwani humo. Kwa maana hiyo neno hili ni mgeni ambaye babu zake ni jirani zetu. Zombi wa Haiti hakula watu. Alikuwa marehemu aliyefufuliwa ili afanyishwe kazi bila ya ujira. Ndivyo alivyoonyeshwa katika filamu ya White Zombie ya mwaka 1932, ambamo wafu wanazungusha kinu cha miwa usiku na mchana. Zombi mla nyama tunayemjua leo alitokana na Night of the Living Dead, filamu ya George Romero ya mwaka 1968.

Huyu wa kwanza, mfanyakazi asiye na ujira, anafahamika kwetu vizuri sana. Tanzania anaitwa msukule. Kusini mwa Tanzania na Malawi anaitwa ndondocha. Imani inasema kwamba mchawi humchukua mtu, watu wakadhani amekufa na wakamzika, kumbe yuko mahali analima shamba la watu usiku. Na mara nyingi inasemwa kwamba amekatwa ulimi, asiweze kusema yaliyompata.

Tanzania ilipoanza kutengeneza filamu za video za kutisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watunzi walichota katika kisima hicho hicho. Filamu ya Nsyuka ya Mussa Banzi ilichukua jina lake katika Kinyakyusa, lugha ya watu wa Rungwe na Kyela, walio karibu na mpaka wa Malawi. Mwaka 2005 mtunzi huyo alifuatisha Shumileta.

Tunayataja haya kwa sababu hadithi ya msukule ni ya polepole kwa asili yake. Haina mbio. Ina mjane asiyeamini kifo cha mumewe, jirani aliyeona kivuli machweo, ndugu wanaogawanyika juu ya kwenda au kutokwenda kwa mganga, na kaburi linalotiliwa shaka. Uzito wake umo katika kungoja na kunong'ona. Basi mtazamaji aliyekua na hadithi hizo hawezi kusemwa kwamba hajui kungoja. Akilalamika, analalamikia kitu kingine.

Kanuni ya polepole

Mwaka 1929 mwanabiolojia Mwingereza Julian Huxley alisafiri Afrika Mashariki kwa niaba ya kamati ya elimu ya Wizara ya Makoloni. Alibeba filamu tatu, akawaonyesha wanafunzi, kisha akawapima walichoelewa. Matokeo yalikuwa mazuri: wanafunzi walizielewa na kuzifurahia. Taarifa hiyo ingetosha kufunga mjadala. Haikuufunga.

Mwaka 1935 ulianza mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment, chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni na kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Walioongoza kazi walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35. Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Maneno yalirekodiwa katika santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine za eneo, na santuri hizo zikapigwa sambamba na picha. Gari la sinema lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Hivyo basi, kati ya picha za kwanza zilizoonyeshwa vijijini Nyasaland, zimo zilizotengenezwa katika nchi ya Kiswahili.

Hadithi za filamu hizo zilikuwa za kuonya. Moja ilihusu benki ya akiba ya posta: mtu mmoja anafukia fedha zake ardhini, mwizi anamwona na kuzifukua, ilhali mwenzake ameziweka benki na anastarehe. Nyingine ilihusu kodi, nyingine ngozi za mifugo, nyingine malaria ya watoto. Iliyoitwa Gumu ilimfuata kijana wa shamba aliyekwenda mjini na kuharibika.

Aliyeigeuza rai kuwa kanuni ni William Sellers, ofisa wa afya aliyekuwa ametumia filamu nchini Nigeria. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu za Makoloni na kumweka Sellers kuwa kiongozi wake. Kanuni zake zilikuwa hizi: picha ikae muda mrefu machoni, kusiwe na kuruka kutoka tukio moja hadi jingine, mtu akitoka chumbani aonekane akiufikia mlango, akiufungua na kutokea upande wa pili, picha za karibu zitumiwe kwa hadhari kubwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba Mwafrika hana mazoea ya picha, na kwamba macho yake huchelewa.

Kanuni hizi zilisindikizwa na visa vilivyorudiwa hadi vikawa kama ngano. Kimoja ni cha mbu: inasemwa kwamba watazamaji walioonyeshwa mbu aliyejaa skrini nzima walisema kwao hakuna tatizo, kwani mbu wao ni wadogo. Kingine ni cha kuku. Watazamaji walionyeshwa, taratibu kabisa, mkaguzi wa afya akieleza namna ya kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, walijibu: kuku. Watengenezaji hawakujua kuna kuku. Waliporudia kuitazama filamu hiyo waliona kweli kuku anapita pembeni, kwa sekunde moja hivi. John Wilson alikisimulia kisa hiki kuthibitisha kwamba Waafrika hawaioni picha nzima, na mwaka 1962 Marshall McLuhan akakieneza katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy.

Tukisome kisa hiki tena, kama walimu wa fasihi wanavyopenda kusoma. Mtu anamwonyesha mwenzake jambo moja kwa dakika kadhaa, jambo ambalo mwenzake amelielewa tangu mwanzo. Jicho linachoka, linatafuta kinachotembea. Linamkuta kuku. Mtazamaji aliyemwona kuku wa sekunde moja hana macho yanayochelewa. Ana macho mepesi kuliko ya watengenezaji wa filamu, ambao hawakumwona. Alichofanya ni kutoa maoni yake juu ya picha inayokwenda polepole, na maoni hayo yakasomwa kuwa upungufu wa akili.

Kanuni ya Sellers ilipingwa hata na waliotumwa kuichunguza. Peter Morton-Williams alifanya utafiti katika vijiji vya Nigeria, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1953. Aligundua kwamba kuelewa au kutoelewa kulitegemea zaidi kama jambo lenyewe linafanana na maisha ya mtazamaji. Ufundi wa picha, ikiwemo kasi yake, ulikuwa na uzito mdogo kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 1955 Kitengo cha Filamu za Makoloni kilifungwa.

Kumbi zilivyojibu

Wakati maofisa wakipima mwendo, watazamaji walikuwa wamekwisha kuamua. Katika miji ya migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambako maelfu ya vijana wa Nyasaland walikwenda kutafuta kazi, filamu zilizopendwa zilikuwa za kauboi. Mwanaanthropolojia Hortense Powdermaker, aliyefanya utafiti Luanshya mwaka 1953 na 1954, ameeleza kumbi zilizojaa kelele, watu wakimshangilia kauboi na kumwonya juu ya adui aliye nyuma yake. Kila kauboi aliitwa Jeke, hata akiwa na jina gani. Wakati huohuo Kitengo cha Filamu cha Afrika ya Kati, kilichoanzishwa mwaka 1948 kwa ajili ya Rhodesia mbili na Nyasaland, kiliendelea kutengeneza picha za kilimo na mwenendo mwema.

Hapa pana hatari ya kukimbilia jibu jepesi, kwamba mtazamaji wetu anataka mbio tu. Pwani inalikanusha. Zanzibar na Dar es Salaam, miaka ya 1950, watu walijipanga foleni kununua tiketi za filamu za Kihindi zilizochukua saa tatu, zenye nyimbo ndefu katika lugha ambayo wengi hawakuijua. Mtafiti Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameonyesha jinsi filamu ya Raj Kapoor iitwayo Awaara, ya mwaka 1951, ilivyopendwa na kukumbukwa kwa miongo kadhaa. Watazamaji walirudi mara mbili, mara tatu. Walijifunza nyimbo. Walijadili nyumbani kama baba anaweza kumkana mwanawe na kama mapenzi yana haki mbele ya ukoo.

Basi tunapata kipimo. Picha za Vugiri na za Sellers zilikuwa za polepole na zilimchosha mtazamaji, kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kusema kila kitu na kumwachia kazi ya kutii. Awaara ilikuwa ndefu na haikumchosha, kwa kuwa ilimpa la kusema. Jina halisi la lalamiko la "polepole" ni ukosefu wa maneno: mtazamaji amekaa mbele ya picha, naye hana la kuongeza wala la kuuliza.

Sauti ya kibandani

Video ilipoenea, kumbi zilihamia mitaani. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, na Malawi hadi mwaka 1999. Katika pengo hilo vibanda vya video vilishamiri. Tanzania watu waliviita vibanda umiza, jina linalotosha kueleza mabenchi na joto lake. Humo ndimo ilimokomaa sanaa ambayo idara zetu za fasihi zimechelewa kuifanyia haki: kufasiri filamu kwa mdomo.

Bwana Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alianza kazi hiyo enzi za mikanda ya sinema kabla ya video, kisha akarekodi sauti yake juu ya filamu nyingi za Kichina, Kihindi na Kimarekani. Kenya alipata umaarufu DJ Afro, na Uganda wapo wafasiri wa Kiganda wanaojaza vibanda hadi leo. Mfasiri wa aina hii hatafsiri neno kwa neno. Humpa mhusika jina jipya, hutia methali, humsema mhusika mjinga, huwaeleza watazamaji desturi za kigeni, na hukumbusha kwamba steringi hafi.

Tuangalie sasa mfasiri anafanya nini picha ikitulia. Katika mapigano kazi ni rahisi, matendo yanajisema. Mtihani unakuja pale watu wawili wanapokaa ukumbini dakika tatu wakitazamana. Mfasiri hodari hapo ndipo anapotajirika. Anasema anachofikiri mwanamke, anatabiri, anakumbusha deni la jana, anamwuliza mtazamaji kama yeye angevumilia. Picha iliyopooza inakuwa hai kwa sababu imepata ulimi. Tukikumbuka imani ya ndondocha aliyekatwa ulimi, tunaweza kusema bila ya kutia chumvi kwamba kazi ya mfasiri ni kumrudishia picha ulimi wake.

Dzaleka na Tsoka

Kambi ya Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Chini ya utawala wa Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa na gereza la wafungwa wa kisiasa, na jina lake linatokana na kitenzi cha Kichewa kuleka, yaani kuacha: atakayefungwa humo ataacha aliyokuwa akiyafanya. Mwaka 1994 ilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa kuchukua watu kati ya 10,000 na 14,000. Sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wengine kutoka Burundi, Rwanda na nchi nyingine. Kibembe, Kifulero, Kirundi, Kinyarwanda na Lingala husikika humo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Tangu mwaka 2014 kambi imekuwa na Tamasha la Tumaini, ambalo jina lake ni la Kiswahili katikati ya nchi ya Kichewa.

Wengi wa wakimbizi hao walikuwa na maduka na vibanda vya biashara mjini Lilongwe. Mwaka 2023 serikali ilitekeleza amri ya kuwarudisha Dzaleka wale waliokuwa wakiishi nje ya kambi. Kwa hiyo watu waliokuwa wakipima siku kwa mauzo wakarudishwa mahali ambapo siku hupimwa kwa kungoja: mgao, karatasi, jibu la mahojiano, jina kutokea katika orodha ya wanaohamishiwa nchi ya tatu. Katika Kichewa neno tsoka lina maana ya mkosi. Soko lenye jina hilo lililoko Lilongwe limeendelea kuuza. Mkosi umewapata walioondolewa katika biashara zao.

Tujiulize sasa: picha ya polepole ya manusura wa wafu inasomekaje Dzaleka? Hadithi yenyewe ni ya watu waliokimbia makwao kwa miguu, wakafika penye uzio, wakaambiwa wanaweza kukaa kwa muda, kwa masharti ya mwenye shamba. Mtoto amepotea njiani na haijulikani kama yu hai. Watu wanagombania nani ana haki ya kubaki. Mtazamaji aliyekaa sebuleni Atlanta aliviona vipindi hivyo kuwa mapumziko kati ya vita viwili. Kwa mtu aliyezaliwa kambini na kufikia utu uzima humo humo, yale yaliyoitwa mapumziko ndiyo hadithi, na vita ndivyo vinavyoikatiza. Anaweza bado kusema inaboa. Ana haki hiyo kama wengine wote, na pengine ana sababu zaidi, kwani kungoja anakuona bure kila siku. Lakini tusiwe kama msimulizi wa kuku tukadhani kwamba tunajua maana ya jibu lake kabla ya kumwuliza.

Na tukitaka kumwuliza, tutamwuliza kwa lugha gani? Sheria ya Elimu ya Malawi ya mwaka 2013 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, na nje ya darasa mtoto hukutana na Kichewa. Kiswahili anacho nyumbani na mtaani. Mwaka 2019 Jumuiya ya SADC, ambayo Malawi ni mwanachama wake, ilikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Jambo hilo ni la fahari, ila halijamsaidia bado mtoto wa Dzaleka kueleza kwa Kiswahili kilichonyooka alichokiona jana katika skrini.

Picha ya polepole darasani

Hapa ndipo sisi walimu tunapoweza kufanya kitu. Tunapendekeza zoezi lisilohitaji fedha nyingi. Chagua dakika mbili za filamu zenye utulivu, sauti ikiwa imezimwa, kisha mwanafunzi asimulie. Utaona mara moja tofauti ya kisarufi baina ya tukio la mbio na tukio la utulivu.

Katika mbio, kiambishi -ka- kinabeba mzigo wote: "Akaruka ukuta, akachomoa panga, akamkata, akakimbia." Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza. Katika utulivu -ka- inakwama, kwa sababu hakuna tendo linalofuata tendo. Inabidi mwanafunzi achukue -na-, -ki-, -me-, hu-, virejeshi na tanakali za sauti: "Amekaa kizingitini, akiutazama msitu ambao umemmeza mwanawe. Kila jani linapotikisika moyo wake humruka. Kimya kimetanda, ji!" Hapo ndipo tunapoona nani anaijua lugha na nani anajua vitenzi tu. Sehemu ya polepole ni mtihani mgumu kuliko ya vita.

Kwa wanafunzi wa Malawi zoezi hili lina faida ya ziada. Katika Kiswahili "akapita" ni tendo lililofuatia jingine: alikuja, akapita. Katika Kichewa "akapita" huweza kumaanisha "akienda", kwa kuwa -ka- huko hutumika kwa sharti na kupita ni kwenda. Mwanafunzi anayesimulia filamu kwa lugha mbili atalikuta tofauti hili mwenyewe, wala hatalisahau. Halikadhalika msamiati: Mchewa huiita filamu kanema, na televisheni huiita wailesi ya kanema, yaani redio ya picha. Mswahili ana sinema, picha na mkanda. Na "polepole" yetu kwake ni pang'onopang'ono. Maneno hayo yakiandikwa ubaoni kando kwa kando, darasa lina kazi ya wiki nzima.

Tunaongeza angalizo moja. Mwalimu asiwasahihishe wasemaji wa Kiswahili cha Kongo kila wanapofungua kinywa. Waache wasimulie kwanza, kisha darasa lilinganishe: wao wamesemaje, Dar es Salaam wangesemaje, Mombasa wangesemaje. Anayenyamazishwa katika sentensi ya kwanza hatafika kwenye ya pili.

Hitimisho

Tumeona kwamba picha ya polepole ilipewa Mwafrika mara ya kwanza kama dawa ya akili iliyodhaniwa kuwa nzito. Huxley alikuwa ameonyesha mwaka 1929 kwamba dawa hiyo haihitajiki, na Morton-Williams akalithibitisha hilo mwaka 1953, lakini katikati yao kanuni ilitawala. Watazamaji walijibu kwa kumtazama kuku, kwa kumpigia kelele Jeke, kwa kurudia Awaara, na kwa kumlipa mfasiri aliyeijaza picha maneno. Majibu yote hayo yanaeleza jambo moja: mtazamaji hukubali kungoja, mradi apewe nafasi ya kusema.

Kwa hiyo mwanafunzi akisema kwamba sehemu fulani ya tamthilia imemchosha, tusimpuuze wala tusimtetee mtunzi haraka. Tumwambie aisimulie. Akiweza kuisimulia kwa dakika tano, pengine haikuwa tupu kama alivyodhani. Akishindwa, tujue kama kilichokosekana kilikuwa katika picha au katika maneno yake. Na kama ni maneno, hiyo ndiyo kazi tuliyoajiriwa kuifanya. Walimu watakaolijaribu zoezi hili, hasa walio Lilongwe na Dowa, wanaombwa kuandika matokeo yake kwa ajili ya kurasa hizi.